Futi Sitini Toka Ukingoni

Arlo Unruh alikuwa mtu mwema, lakini hakupenda kazi yake ipimwe na mtu mwingine. Hilo lisemwe mapema, kwa kuwa watu wa Corley wanaomsifu hupenda kuliruka.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza uwanja wa chuo cha Corley, katika mji mdogo wa Kansas ambao ukitoka nje ya barabara yake ya mwisho unakanyaga ngano. Alikata nyasi, alizimwagilia, alizitibu zikiugua, na kila wiki ya mchezo alichora mistari yote myeupe kwa mkono wake. Aliwahi kuwa mwanafunzi hapo hapo kwa mwaka mmoja. Baba yake alipofariki alirudi kulima, shamba likauzwa, naye akarejea chuoni akisukuma mashine ya kukata nyasi mbele ya madirisha ya madarasa aliyoyaacha. Hakulalamika. Ila mtu aliyenyimwa cheti hujitafutia cheti kingine, na cha Arlo kilikuwa hicho: kwamba hakuna aliyewahi kupita nyuma yake na futi.

Kisha Corley ikapanda daraja.

Maandalizi yalichukua miaka mitano. Waliongeza viti upande wa mashariki, wakajenga chumba kipya cha wachezaji, wakaajiri makocha, wakakaguliwa na kukaguliwa tena, mpaka barua ikaja kwamba timu ya mpira imetoka daraja la pili na kuingia la kwanza. Mji wa watu elfu tisa ukajiona mji. Kinyozi alitundika ratiba ya msimu mpya mlangoni. Kanisani, mchungaji alilazimika kuwakumbusha waumini kwamba ufalme wa mbinguni ndio daraja la juu zaidi, na waumini wakacheka kwa adabu.

Mkurugenzi wa michezo aliyewapandisha alikuwa Janelle Ostrander, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja kutoka Ohio, aliyetembea siku zote kama mtu aliyechelewa. Mwezi Juni alimwita Arlo ofisini.

"Arlo, daraja hili lina macho mengi," alimwambia. "Kuna kampuni ya mjini Wichita ina mashine inayochora yenyewe, inaongozwa na satelaiti. Mkataba wao uko hapa mezani kwangu. Msimu huu nakuachia wewe. Mambo yakienda sawa, mkataba huu utabaki karatasi. Ila nataka kila ukimaliza kuchora, mtu wa pili apime."

"Mama, mimi nilikuwa nachora uwanja huu wewe ukiwa shule ya msingi."

"Ndiyo maana nataka mtu wa pili."

"Sijawahi kukosea."

"Hujawahi kupimwa," alisema Janelle.

Uso wa Arlo ukamwiva. Janelle akamwonea haya, akaliacha jambo lile lipite. Hapo na yeye alikosa. Kiongozi anayejua lililo sahihi akaacha kulitekeleza kwa kuogopa kumuudhi mzee hajamheshimu mzee huyo. Amemwacha peke yake na kosa lake.

Ili kosa lenyewe lieleweke, lazima mtu ajue habari ya vistari. Katika mpira wao huo wa Kimarekani, unaobebwa mikononi na kurushwa, mchezaji akiangushwa karibu na ukingo wa uwanja, mchezo unaofuata hauanzii pale alipoanguka. Mwamuzi huuleta mpira ndani mpaka kwenye safu ya vistari vifupi vinavyopita ndani ya uwanja kwa urefu wake, toka mwisho mmoja hadi mwingine. Safu ni mbili. Katika mpira wa vyuo, kila safu iko futi sitini toka ukingo wake. Katika mpira wa shule za sekondari, iko futi hamsini na tatu na inchi nne. Tofauti si kubwa kwa mtazamaji, lakini kwa anayecheza ni mchezo mwingine: kocha hupanga mbinu zake zote kwa kutazama vistari hivyo.

Kwa miaka thelathini Arlo hakuhitaji kufikiria tofauti hiyo. Alikuwa na kamba yenye fundo moja. Alifunga ncha ukingoni, akaivuta, kidole gumba kikagusa fundo, akachora. Mwezi Mei, hata hivyo, kimbunga kiliangusha nguzo za taa za uwanja wa shule ya sekondari, na chuo kikawakaribisha wacheze kwake siku za Alhamisi. Arlo akaongeza fundo la pili kwenye kamba yake kwa ajili yao. Kila Ijumaa alipaswa kuvifunika vistari vya shule kwa rangi ya kijani na kuvipaka upya vya chuo kwa nyeupe.

Ijumaa ya kabla ya mchezo wa kwanza wa daraja jipya, mpaka jua linakuchwa alikuwa amemaliza. Alikwenda nyumbani akala, akamwambia mkewe Twila kwamba uwanja haujawahi kupendeza namna ile.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alipanda ngazi mpaka safu ya juu kabisa ya viti, kama alivyofanya kila siku ya mchezo, akiwa na chupa ya kahawa na mkate uliojazwa nyama na kabichi ambao Twila alimfungia. Alipenda kuutazama uwanja kabla haujachafuliwa na watu. Akauma mkate. Akatazama. Akaacha kutafuna.

Vistari vilikuwa vimeachana mno.

Alijiambia ni jua la asubuhi. Akasogea viti kumi kushoto, akatazama tena, vikawa vile vile. Alishuka ngazi, goti la kulia likimuuma, akachukua futi ya chuma ambayo hakuwa ameitoa ghalani miaka mingi, akapima toka ukingoni. Hamsini na tatu na inchi nne. Akapima upande wa pili. Hamsini na tatu na inchi nne. Akavuta ile kamba, akafumba macho, akaacha kidole kiende chenyewe, nacho kikasimama kwenye fundo la kwanza kilipokutana nalo, kama kilivyozoea kwa miaka thelathini. Fundo la kwanza sasa lilikuwa la shule. Jana alivifunika vistari vya chuo kwa kijani, akavinawirisha vya watoto wa sekondari. Vyote mia na sitini.

Mkaguzi wa ligi angefika saa tatu. Mchezo ungeanza saa saba, na televisheni ingeurusha.

Akiwa bado amepiga goti, Gaylen Stucky aliingia kwa lango la kusini. Huyo alikuwa kocha wa shule ya sekondari, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyekuja kuchukua koni zake walizozisahau Alhamisi.

"Mzee, unasali au umeangusha jino?"

Macho ya Arlo yalibaki kwenye vistari. Gaylen akafuata macho yake, akatazama nyasi, kisha akapiga mluzi.

"Lo! Umetuandalia sisi. Watoto wangu wamepanda daraja bila kujua?"

"Usinichekeshe, Gaylen."

"Sikuchekeshi. Nakutazama rangi ya uso wako." Gaylen akachuchumaa karibu naye kwa shida. "Sikiliza. Janelle anajua?"

"Bado."

"Basi sikia. Sema ni mimi. Sema jana nilikuja na kuomba uviache vyetu kwa ajili ya mazoezi, ukasahau kwamba nimeomba. Au sema tulikosa kuelewana. Mimi hanifukuzi, mimi si wake. Wewe atakufukuza kabla ya chakula cha mchana, na Wichita watakuwa hapa Jumatatu na hiyo roboti yao."

"Uongo huo."

"Ni uongo mdogo, bwana wee. Mbona mimi mwenyewe ndiye nautoa? Ni zawadi."

Arlo alitazama futi ya chuma iliyolala nyasini. Tusimfanye kuwa malaika: aliufikiria. Aliufikiria kwa muda wa kutosha kuona jinsi ungefanya kazi vizuri. Gaylen angecheka, Janelle angekunja uso, kijani kingepakwa, na miaka thelathini na mmoja ingebaki safi. Uongo wa namna hiyo ndio hatari kuliko mwingine wote, kwa sababu unakuja umebebwa na rafiki, na kuukataa kunaonekana kama utovu wa shukrani.

"Nikikubali," alisema mwishowe, "mwakani nitakosea tena, na nitamtafuta mwingine wa kumsingizia. Asante, ndugu yangu. Ondoa koni zako."

Akatoa simu.

Janelle alipokea kabla haijaita mara ya pili. Arlo hakuzunguka. Alisema vistari vimekosewa, vyote, na aliyevikosea ni yeye, na hakuna mwingine aliyegusa. 

"Nakuja hapo kwa dakika kumi," alisema Janelle. Alifika kwa dakika saba, nywele mbichi, viatu vya kukimbilia bila soksi. Alipima mwenyewe. Kisha akasimama, mikono kiunoni.

"Nilikuomba mtu wa pili."

"Uliniomba, mama."

"Ukakataa."

"Nikakataa."

"Mashine ya Wichita ingekosea hivi?"

Arlo alitaka kusema kwamba mashine haijui nyasi, haijui pale karibu na lango la kaskazini maji yanatuama. Vyote hivyo vilikuwa kweli, ila si jibu la alichoulizwa.

"Hapana," alisema. "Isingekosea hivi."

"Basi niambie kwa nini nisitie sahihi ule mkataba leo hii."

"Sina cha kukuambia. Lakini kabla ya saa saba kuna vistari mia na sitini vya kufunikwa na mia na sitini vya kuchorwa, na rangi inataka saa nzima kukauka. Peke yangu siwezi. Nipe watu, halafu unifukuze."

Janelle alitazama saa. Wafanyakazi wake wote walikuwa milangoni, kwenye nyaya za televisheni, kwenye basi la wageni. "Sina watu," alisema. "Nani nimpe?"

Watu walikuwepo, tena karibu, na Arlo alijua walipo. Ila kuwaomba kulimaanisha kuwaambia. Kwenye uwanja wa magari, nyuma tu ya viti vya mashariki, mji ulikuwa umekwisha kuamka, kama desturi yake ya kila siku ya mchezo. Pikapu zilikuwa zimepanga migongo, majiko ya nyama yakifuka, viti vya kukunja vimetandazwa, jezi za bluu kila mahali. Wengine walifika alfajiri wapate nafasi zao za miaka yote. Twila naye alikuwa huko na akina mama wa kanisa, wakipanga mikate mezani.

Arlo alimwendea mkewe kwanza, akamwambia kwa sauti ya chini. Twila alikuwa mshonaji wa mablanketi ya viraka, mtu wa maneno machache na mshono ulionyooka.

"Waombe," alisema.

"Niwaambie nini? Hawa wamenisifu jana tu dukani."

"Waambie ulichoniambia mimi. Babu yako aliposema uongo kuhusu ule mpaka wa shamba, alisimamishwa mbele ya kanisa zima akaungama, na bado walimpigia kura awe mzee wa kanisa mwaka uliofuata. Wewe huna haja ya kanisa. Simama mbele ya majiko."

"Twila."

"Panda kwenye hiyo pikapu. Nyama inaungua."

Akapanda. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mbili, hajawahi kuhutubia hata harusi. Waliomwona wakadhani anakuja kuwapa neno la furaha, wakampigia makofi. Alisubiri yaishe.

"Nimeharibu uwanja," alisema. Makofi ya mwisho yakafia hewani. "Nimechora vistari vya sekondari. Si mvua, si watoto wa shule, ni mimi. Niliambiwa nipate mtu wa kunipima nikakataa, kwa kiburi. Sasa nahitaji watu ishirini wenye magoti mazima na mkono usiotetemeka. Kama mmekwisha kuanza bia, kaeni."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya moshi, ya muuza matrekta mmoja: "Arlo, hiyo ya bia imetuondoa nusu!"

Walicheka, na katika kicheko hicho wakaanza kuweka chini koleo na sahani. Hawakuja ishirini, walikuja zaidi ya thelathini. Mtu mmoja, karani wa posta, alipita karibu na Arlo akasema bila kutabasamu, "Nilikuwa nakuona kama mtu asiyekosea. Ilikuwa inanichosha." Kisha akachukua ndoo.

Kazi ilipangwa hivi. Kundi moja lilitembea na kijani likifunika. Kundi la pili, wawili wawili, lilishika futi ya chuma: mmoja ukingoni, mmoja ndani, na kila kipimo kikasomwa kwa sauti na wote wawili kabla ya rangi kugusa nyasi. Gaylen, aliyerudi bila koni, aliwekwa ukingoni. Twila na akina mama wa kanisa, washonaji wenzake, wakashika vibao vya kuchorea, na mistari yao ilinyooka kuliko ya Arlo, aliiona, akaimeza.

"Sitini!" aliita Gaylen.

"Sitini kasoro robo inchi," alijibu Arlo toka ndani.

"Mzee, robo inchi nani ataiona?"

"Mimi. Vuta."

Saa tatu kamili mkaguzi wa ligi akaingia, Bwana Whitacre, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe na ubao wa karatasi kifuani. Aliwakuta watu wazima thelathini na kitu wamepiga magoti uwanjani, wengine na aproni za kuchomea nyama. Janelle alianza kumwendea, lakini Arlo alimtangulia.

"Vilikosewa, bwana. Nilivikosea mimi. Tunavisahihisha. Nusu ya kusini iko tayari, unaweza kuanza kupima huko, na ukikuta kosa nitafurahi uniambie."

Bwana Whitacre alishusha ubao wake. "Nimekagua viwanja kumi na nane mwaka huu," alisema. "Kila mahali naambiwa kila kitu kiko sawa. Viwili vilikuwa sawa." Akatoa futi yake mwenyewe, akaenda kusini. Alirudi baada ya dakika arobaini. "Kusini sawa. Kaskazini iwe imekauka saa tano na nusu, la sivyo nachelewesha mchezo, na televisheni itanichukia mimi badala yenu."

Ikakauka saa tano na robo. Jua la Kansas la mwezi wa tisa lina kasoro nyingi, lakini siku hiyo lilifanya kazi bila kuombwa. Mkaguzi akatia sahihi.

Corley walicheza na chuo kilichokuwa na wanafunzi mara nne ya wao, wakashindwa kwa pointi tatu, na hakuna aliyeondoka kabla ya filimbi ya mwisho. Kila mpira ulipoletwa ndani toka ukingoni na mwamuzi akaulaza kwenye kistari, sehemu moja ya viti vya mashariki ilishangilia kuliko ilivyostahili. Wageni hawakuelewa wanashangilia nini. Arlo alikaa peke yake safu ya juu, mikono ina kijani mpaka kwenye viwiko, na hakushangilia, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa inakuja.

Jumatatu Janelle alimwita. Mkataba wa Wichita ulikuwa bado mezani, haujatiwa sahihi wala haujatupwa.

"Kaa," alisema. "Sitakudanganya. Watu wengi wamenipigia simu wakisema nikufukuze ni aibu. Sifanyi kazi kwa simu za watu. Kosa lako lilitosha kukufukuza."

"Najua."

"Na mimi nina langu. Nilijua Juni, nikanyamaza ili usinune. Kwa hiyo safari hii sikuombi, nakuamuru. Karatasi ya kila mchezo itakuwa na sahihi mbili: ya aliyechora na ya aliyepima. Ikikosekana moja tu, Wichita wanaingia. Mkataba huu nauweka mpaka mwisho wa msimu. Nani atakupima?"

"Twila ana jicho—"

"Mke hamkagui mume. Mtakuja kulala na makosa yenu, asubuhi niyakute mimi."

Arlo alicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Gaylen, basi. Yuko hapa kila Alhamisi hata hivyo, na kuninyamazia hawezi."

"Aje," alisema Janelle, akasimama. Alikuwa amechelewa mahali.

Mchezo wa pili wa nyumbani ulikuwa wiki mbili baadaye. Ijumaa Arlo alifunika vya shule, akachora vya chuo kwa futi ya chuma, akamaliza mchana mapema. Gaylen alifika na kalamu sikioni, akiwa na furaha isiyofichika, maana si kila siku mtu hupewa ruhusa ya kumkosoa rafiki yake kwa maandishi. Alipima safu ya magharibi yote bila neno. Kwenye ya mashariki, karibu na lango la kaskazini, alisimama, akapima tena, akainama.

"Mzee."

"Nini?"

"Inchi moja na nusu."

"Si kweli."

"Njoo usome."

Arlo alikwenda, akasoma. Aliisoma mara mbili, taya limekaza, na mtu yeyote aliyemjua angejua maneno gani yalikuwa yanagonga mlango. Kisha akainua kopo la kijani.

"Endelea na vinavyofuata," alisema, akipiga goti. "Na uvipime vyote, Gaylen. Usinionee huruma."